Kijitabu cha senti chache: namna ya kutafuta na kusoma vijitabu vya Marekani vya karne ya 19

Kwetu pwani wapo wazee ambao mpaka leo kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi wanakiita merikani. Jina lilikuja na mzigo. Meli za wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, zilishusha majora ya kitambaa hicho Zanzibar na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini Septemba 1833, na mwaka 1837 akafika Unguja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters. Kutoka hapo merikani ilibebwa na wapagazi hadi Unyamwezi na Ujiji, ikawa ndiyo fedha ya njiani. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani.

Mimi niliingia kwenye vijitabu vya Marekani kwa mlango huo. Nilitaka kujua kama wakati ule kulikuwa na Mmarekani yeyote aliyeionea haya nguo ile. Walikuwapo, tena hawakunyamaza. Waumini wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker (Wakweka) na wenzao walichapa vijitabu vyembamba kuwasihi majirani wasivae pamba ya mtumwa wala wasile sukari yake. Vijitabu hivyo vipo hadi leo, vimelazwa ndani ya bahasha na maboksi katika vyumba vyenye baridi, na mtu yeyote anaweza kuviomba. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuvifikia, awe Tanga, Bukavu, Maskati au Minneapolis. Mifano yangu mingi ni ya utumwa na pamba, ila njia ni ileile kwa anayetafuta habari za ulevi, haki za wanawake, reli au kipindupindu, maana Wamarekani wa karne ile kila ugomvi waliuchapia kijitabu.

Hatua ya 1: Beba swali, usibebe mada

Mada ni "utumwa Marekani". Ukienda na hiyo utazama. Swali ni "wapinga utumwa walisema nini kuhusu kununua pamba, kati ya mwaka 1830 na 1860?" Swali lina mpaka wa miaka, lina watu, lina kitu kinachoshikika. Liandike kwenye daftari kabla ya kuwasha kompyuta. Litabadilika njiani, hilo halina neno.

Hatua ya 2: Jua vilipo

Kijitabu hakikuundwa kidumu. Ni karatasi chache zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi, pengine na jalada la karatasi nyembamba ya rangi, pengine bila jalada lolote. Mtu alikinunua, akakisoma, akampa jirani, kikaishia jikoni kuwasha moto. Vilivyobaki vimebaki kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na tabia ya kutotupa karatasi. Kwa hiyo ukitafuta mikusanyo mikubwa, tafuta watu wa namna hiyo.

Mmoja wao ni Samuel J. May, mchungaji wa Syracuse, New York, aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa kwa miaka mingi. Mwaka 1870, mwaka mmoja kabla hajafa, alikipa Chuo Kikuu cha Cornell vijitabu vyake vyote. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga, kimeanzishwa mwaka 1865. Baadaye wakongwe wa harakati, akina William Lloyd Garrison, Wendell Phillips na Gerrit Smith, wakawaomba marafiki zao Marekani na Uingereza waongeze vyao. Leo mkusanyo huo una zaidi ya vijitabu 10,000: mahubiri, hotuba, ripoti za mwaka za vyama vya vijijini, ushuhuda wa waliotoroka utumwani. Uko Ithaca, mji wa chuo hicho, katika maktaba ya Kroch iliyojengwa chini ya ardhi, na sehemu yake kubwa imewekwa mtandaoni.

Wa pili ni Daniel Murray, Mmarekani mweusi aliyeanza kazi katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, mwaka 1871. Kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 alipewa kazi ya kuorodhesha maandishi ya watu weusi, na hakuacha tena. Alipofariki mwaka 1925 aliiachia maktaba vijitabu vyake. Mkusanyo wenye jina lake una vijitabu zaidi ya 300 vya kati ya mwaka 1818 na 1907. Ni mdogo ukilinganishwa na wa May, ila kama unaanza, anza na huu. Waandishi wake wengi ni watu weusi wenyewe, na wote umeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure.

Kuna pia jumuiya ya wapenzi wa mambo ya kale iliyoanzishwa na mpiga chapa Isaiah Thomas mwaka 1812 huko Worcester, Massachusetts, iitwayo American Antiquarian Society. Kuna Library Company ya Philadelphia, iliyoasisiwa na Benjamin Franklin na wenzake mwaka 1731. Na kwa swali langu la pamba, vyuo vya Haverford na Swarthmore, jirani na Philadelphia, ndivyo vinavyotunza karatasi za Wakweka.

Hatua ya 3: Tafuta kwa maneno yao

Hapa ndipo wengi hukwama, wakadhani hakuna kitu. Katalogi haijui unachofikiria. Inajua kilichochapwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Chukua hotuba mashuhuri ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mkubwa wa wapinga utumwa, ile ya kuuliza tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, ina maana gani kwa mtumwa. Kila mtu anaijua kwa swali hilo. Sasa tazama kijitabu chenyewe cha mwaka 1852. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, kuna neno Oration, yaani hotuba. Chini yake panaelezwa kwamba ilitolewa katika ukumbi wa Corinthian, Rochester, na Frederick Douglass, Julai 5, 1852. Halafu maneno mawili matatu kwamba imechapishwa kwa maombi ya watu. Mwisho, jina la wapiga chapa, Lee, Mann & Co. Basi. Lile swali maarufu halipo kwenye ukurasa wa jina. Aliyelitafuta kama jina la kijitabu katika katalogi ya zamani angetoka mikono mitupu, na kijitabu kiko palepale.

Kwa hiyo andika jina la mwandishi, mji na mwaka kwanza. Kisha jaribu maneno ya aina ya maandishi: Oration, Address, Sermon, Speech, Report, Appeal. Halafu jaribu tahajia za wakati ule. David Walker, muuza nguo kuukuu wa Boston, alipotoa kijitabu cha wito wake dhidi ya utumwa mwaka 1829 aliandika Coloured kwa u, kama Waingereza. Ukiliandika bila u, katalogi nyingine zitakupa, nyingine hazitakupa.

Kuhusu sisi huku, kumbuka kwamba Wamarekani wa miaka ya 1830 waliuita mkataba wa Sayyid Said mkataba na Sultani wa Muscat. Ukitafuta Zanzibar pekee utakosa nusu ya habari. Na merikani hawakuiita merikani, kwa kuwa kwao haikuwa ya ugenini: waliiita sheetings, au domestics, maana yake kitambaa cha nyumbani. Niliposhika maneno hayo mawili, milango ikaanza kufunguka. Pamba isiyolimwa na watumwa nayo ilikuwa na jina lake, free labor cotton, na harakati nzima ya kususia bidhaa za watumwa iliitwa free produce.

Hatua ya 4: Anza mtandaoni, na uangalie bando

Kabla ya kumsumbua mtu yeyote, pita sehemu tatu: tovuti ya Maktaba ya Bunge, na maktaba mbili za mtandaoni, HathiTrust na Internet Archive. Kila kitu kilichochapishwa Marekani katika karne ya 19 kimeshatoka kwenye hakimiliki, kwa hiyo unaruhusiwa kukisoma, kukinakili, hata kukitafsiri kwa Kiswahili na kukichapa, bila kumlipa mtu.

Kama unatumia simu na bando lenyewe la kubana, usipakue faili ya picha nzima. Internet Archive hutoa pia maandishi matupu ya kitabu hichohicho, faili ndogo kabisa. Soma hayo kwanza. Ukiona ukurasa unaokufaa, ndipo ufungue picha ya ukurasa huo mmoja.

Ila usiyaamini maandishi matupu. Ni kazi ya mashine iliyoangalia picha na kukisia herufi. Wino ukiwa umepenya upande wa pili wa karatasi, au herufi za mpiga chapa, za madini ya risasi, zikiwa zimechakaa, mashine inaandika upuuzi. Neno lililokatwa mwisho wa mstari na kuendelea mstari unaofuata mara nyingi halipatikani kabisa ukilitafuta. Tafuta neno fupi, au nusu ya neno. Na usinukuu kitu chochote ambacho hujakiona kwa macho yako kwenye picha.

Angalia pia kama picha zina jalada la mbele na la nyuma. Zamani maktaba zilizoea kushona vijitabu ishirini au thelathini pamoja kuwa kitabu kimoja kinene, na fundi wa kujalidi alizing'oa jalada zake na kukata kingo zilingane. Ukiona skani inaanza moja kwa moja na ukurasa wa jina, kuna uwezekano hapo umepoteza nusu ya habari. Kwa nini nusu, tutaona hatua ya 7.

Hatua ya 5: Mwandikie mkutubi

Wakutubi wa mikusanyo maalumu ni watu wanaofurahi kuulizwa, alimradi swali liwe limeiva. Barua pepe yako iwe na mambo manne tu. Wewe ni nani, kwa sentensi moja. Swali lako, lile la hatua ya 1. Ulichokwisha kukitafuta na wapi, ili asirudie kazi yako. Na unachoomba: kupigiwa picha kurasa fulani, au kuweka nafasi ya kwenda. Taja namba ya rafu kama ilivyo kwenye katalogi, pamoja na nukta na mikwaju yake yote.

Huhitaji kuwa profesa. Maktaba ya Bunge, kwa mfano, hutoa kadi ya msomaji bure kwa yeyote aliyefikisha miaka 16 akiwa na pasipoti au kitambulisho kingine kinachokubalika. Nawaambia hasa ndugu zetu wanaoishi kule wakiendesha magari na kulea wagonjwa: siku ya mapumziko unaweza kuingia na kuomba kijitabu cha miaka mia na hamsini, ukaletewa mezani.

Kuhusu gharama za kupigiwa picha, uliza bei kabla hawajaanza. Kurasa chache wengine hawatozi.

Hatua ya 6: Ndani ya chumba cha kusomea

Mara yangu ya kwanza nilifika na begi, chupa ya maji, kalamu mbili za wino na koti. Vyote vilibaki kwenye kabati la mlangoni. Nikaingia na daftari na simu, bila cha kuandikia, nikapewa kipande cha penseli kama mtoto wa darasa la kwanza. Basi nenda na penseli zako. Wino ukidondoka kwenye karatasi ya mwaka 1840 hautoki.

Osha mikono, ikauke vizuri. Wengi hutegemea kupewa glavu nyeupe kama kwenye filamu. Kwa karatasi, maktaba nyingi siku hizi hazitaki: kidole kilichovaa glavu hakihisi unene wa ukurasa, na hapo ndipo ukurasa unapochanika. Glavu ni za picha za kamera.

Kijitabu kitaletwa ndani ya bahasha au boksi. Kitoe kimoja kimoja, usivuruge mpangilio. Kilaze juu ya mito ya sponji utakayopewa, na kama kimeshonwa kwa uzi uliopita kando, sentimita moja hivi kutoka ukingoni, kubali kwamba hakitafunguka bapa. Usikilazimishe. Soma kikiwa kimefunguka nusu, kama unavyochungulia mlango. Geuza ukurasa kwa kushika kona ya juu, ukitanguliza kiganja chini yake.

Utashangaa kuona kijitabu cha mwaka 1835 karatasi yake bado nyeupe na laini, na cha mwaka 1890 kimekuwa kahawia na kumeguka kama kaukau. Sababu ni kwamba karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Baada ya miaka ya 1860 viwanda vilianza kutumia zaidi na zaidi rojo la mbao, na karatasi ya namna hiyo ina asidi inayoila polepole. Vya mwishoni mwa karne ndivyo vya kushika kwa uangalifu zaidi, ingawa ndivyo vichanga. Vingi vya wakati huo vimebanwa kwa pini za waya, na waya umeota kutu na kula karatasi kuuzunguka. Vipande vikimeguka, usivipulize. Mwite mkutubi.

Jambo jingine: ukikuta kurasa bado zimeungana juu au pembeni, usizikate. Maana yake tangu kichapwe hakuna aliyekisoma mpaka ndani. Hiyo yenyewe ni habari, iandike.

Piga picha kwa simu kama wanaruhusu, bila mwanga wa flashi. Na hapa nisikilize vizuri kuliko popote. Kabla ya kila kijitabu, piga picha ya bahasha yake yenye namba. Mimi sikufanya hivyo. Nilirudi na picha mia mbili na kitu za kurasa nzuri za mahubiri na hotuba, nisijue ukurasa upi umetoka kijitabu kipi. Nyingine mpaka leo sina uhakika nazo, na siwezi kuzitumia.

Hatua ya 7: Kikague kabla ya kukisoma

Kijitabu ni sauti ya mtu, lakini pia ni bidhaa. Kabla ya kusoma sentensi ya kwanza, kigeuze.

Hesabu kurasa. Karatasi moja kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, ndiyo sababu utakutana sana na vijitabu vya kurasa 16, 24 na 32. Mwandishi aliyebana maneno mwishoni kwa herufi ndogo alikuwa anakwepa kulipia karatasi ya ziada. Ndivyo utakavyojua kama chama kilikuwa na fedha au kiliungaunga.

Tafuta bei. Mara nyingi iko kwenye jalada. Ukiona bei ya nakala moja na chini yake bei ya nakala mia, basi hawakutegemea mnunuzi mmoja mmoja. Walitaka mtu anunue mzigo akagawe kanisani au kwenye mkutano. Kijitabu chenye bei ya namna hiyo kisome kama unavyosoma karatasi ya kampeni.

Tazama jalada la nyuma. Hapo kuna orodha ya vijitabu vingine, matangazo ya maduka, majina ya mawakala mji kwa mji. Mimi nilipokuwa nafuatilia pamba, kilichonisaidia kuliko mahubiri yenyewe kilikuwa tangazo dogo la duka lililouza nguo za pamba ya watu huru, na anwani yake. Kumbe watu hawakuishia kusema, walifungua na maduka.

Angalia maandishi ya mkono. "Kutoka kwa mwandishi", jina la mwenye nacho, mihuri ya maktaba zilizokitupa. Inawezekana kijitabu cha mpinga utumwa kimepita mikononi mwa adui yake, naye akakijaza alama za hasira pembeni. Nisingekibadilisha hicho kwa nakala safi kumi.

Hatua ya 8: Kisicho na mwaka, kitafutie mwaka

Vingi havina tarehe. Kuna njia za kukadiria.

Ya kwanza ni maandishi ya hakimiliki nyuma ya ukurasa wa jina. Kama yanasema kitabu kimesajiliwa ofisi ya karani wa mahakama ya wilaya, ni kabla ya sheria kubadilika mwaka 1870. Baada ya hapo usajili ulihamia kwa mkuu wa Maktaba ya Bunge, Washington. Ila vijitabu vingi vya harakati havina maneno hayo kabisa, kwa kuwa wenyewe walitaka vinakiliwe na kila mwenye mashine.

Ya pili ni anwani. Vyama vilihamahama, na kila kuhama kumeacha alama. Chama cha Kupinga Utumwa cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1833 kilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1830 na ofisi namba 143 mtaa wa Nassau, New York. Ofisi ya wenzao wa Boston katika miaka ya 1840 ilikuwa namba 25 Cornhill, na ndiyo anwani iliyo kwenye kitabu cha maisha ya Douglass cha mwaka 1845. Ukiona Cornhill 25 kwenye kijitabu kisicho na mwaka, umeshapata pa kuanzia. Miji mikubwa ilikuwa na vitabu vya anwani vilivyotoka karibu kila mwaka, na vingi viko mtandaoni. Mtafute mpiga chapa humo: mwaka aliohamia mtaa ule na mwaka aliouhama.

Ya tatu ni toleo. Wito wa Walker ulitoka mara tatu ndani ya mwaka mmoja hivi, na toleo la tatu, la mwaka 1830, lina masahihisho na nyongeza zake. Ndilo linalosomwa zaidi leo. Ukisema "Walker aliandika hivi mwaka 1829" huku umeshika toleo la tatu, unaweza kuwa umemwekea mdomoni mwaka 1829 maneno aliyoyaongeza baadaye. Yeye mwenyewe alifariki Boston Agosti 1830, vijitabu vyake vikiwa vimeshabebwa na mabaharia hadi bandari za kusini. Savannah viligunduliwa Desemba 1829, na wenye watumwa wakaingiwa na kiwewe.

Hatua ya 9: Uliza nani amelipa, na nani anadanganya

Hotuba za wabunge zilichapwa kwa maelfu na kutumwa bila stempu, kwa sababu saini ya mbunge ndiyo ilikuwa stempu. Kilichochapwa si lazima kiwe ndicho kilichosemwa ukumbini. Mbunge alipata nafasi ya kunyoosha sentensi zake akiwa ametulia. Linganisha na magazeti ya siku ile kama unaweza.

Ushuhuda wa mtumwa aliyetoroka nao mara nyingi umepita mikononi mwa mhariri mzungu. Soma dibaji, uone nani anamdhamini nani. Kwa sababu hiyo napendelea vile ambavyo mwandishi alishika kalamu mwenyewe, kama Ida B. Wells, mwanahabari mweusi, ambaye mwaka 1892 alichapisha New York kijitabu chake cha kwanza kuhusu mauaji ya watu weusi mikononi mwa umati. Alichukua habari za magazeti ya wazungu wenyewe na kuzigeuza kuwa ushahidi dhidi yao.

Na kuna vya uongo mtupu. Mwishoni mwa mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, kilitokea New York kijitabu kisicho na jina la mwandishi kilichosifu ndoa kati ya weusi na weupe, na kudai kwamba hiyo ndiyo imani ya chama cha Rais Lincoln. Kilionekana ni kazi ya mpinga utumwa mwenye shauku. Baadaye ikajulikana kwamba walioandika ni waandishi wawili wa gazeti la upinzani, David Croly na George Wakeman, wakitaka kumharibia Lincoln uchaguzi wa mwaka 1864. Baadhi ya wapinga utumwa walikipongeza kwa nia njema. Kwa hiyo kijitabu kisicho na jina, kinachosema kwa ukali kuliko wenzake wote wa upande ule, kitilie shaka kwanza.

Kumbuka pia kwamba kilichobaki si picha ya vyote vilivyokuwapo. Julai 1835 umati wa Charleston, South Carolina, ulivunja posta, ukachukua vijitabu vya wapinga utumwa vilivyotoka New York na kuvichoma moto hadharani. Ukikuta nakala nyingi Boston na haba kusini, usikimbilie kusema watu wa kusini hawakuvutiwa kuvisoma.

Utakutana pia na matusi. Maneno waliyoitwa watu weusi, hata na watetezi wao, yanachoma. Ukitafsiri, usiyapake sukari, ila usiyarudie kwa sauti yako mwenyewe nje ya nukuu.

Hatua ya 10: Andika rejeo ambalo mwenzako atalifuata

Andika jina la mwandishi, jina la kijitabu kama lilivyochapwa (refu likikushinda, likate kwa nukta tatu), toleo, mji, mpiga chapa, mwaka, idadi ya kurasa, kisha maktaba, jina la mkusanyo na namba. Mwaka uliokadiria mwenyewe uweke ndani ya mabano ya mraba pamoja na alama ya kuuliza, ili msomaji ajue ni makadirio yako. Jina la mpiga chapa wengi huliruka, na ni kosa. Mashine moja ilichapa kwa vyama vingi, na kwa kufuata jina la fundi utagundua nani alikuwa anajuana na nani.

Kama umesoma kwenye skani, sema ni skani, na ya nakala ya maktaba ipi. Nakala mbili za kijitabu kimoja hazilingani. Ya Cornell inaweza kuwa na jalada na ya mahali pengine haina, na mtu atakayekuja kulitafuta lile tangazo dogo la duka la pamba atahitaji kujua aombe ipi.